Mashabiki "wanajulikana kwa ukorofi": wanajulikana na nani?

Kama wewe ni msomaji wa wiki za muvi, katuni na gemu (zile tovuti ambazo msomaji yeyote anaweza kuziandika na kuzihariri) lazima umeshakutana na huu mstari, tena zaidi ya mara moja: "mashabiki wa hii kazi wanajulikana kwa ukorofi." Basi, umeishia hapo. Hausemi wanajulikana na nani, hausemi wamefanya nini wala lini, na ukienda kwenye historia ya ukurasa unakuta kuna mtu aliuandika siku moja akiwa na hasira zake halafu wengine kibao wakapita palepale wakarekebisha spelingi na koma bila hata mmoja kuuliza. Miaka inaenda, blogu zinanukuu, watu wa YouTube wanasoma kama ilivyo, na mwishowe ile wiki inageuka kuwa ushahidi wa kitu ambacho imekianzisha yenyewe.

Ubishi wa wahariri juu ya namna ya kuzielezea hizi sifa na namna ya kuzisafisha nimeufuatilia muda sasa na mi nina upande kabisa, siwezi kujifanya nipo katikati. Naona mstari wa sifa ya mashabiki ubaki pale tu unapotaja tendo, yaani nani kafanya nini, lini, na baada ya hapo ikawaje. Kama hauna hayo utolewe, hata kama kila mtu humo ndani anaapa kwamba ni kweli. Na hapohapo naona wale wanaotaka kufuta kila kitu ili yaishe nao wanakosea, tena pakubwa, nitafika huko.

Nianze na TV Tropes maana kati ya wiki ninazozijua hii ndo imehangaika na hili jambo kuliko zote. Ilianza mwaka 2004, watu wakiongelea tamthilia ya Buffy the Vampire Slayer, wakawa wanaorodhesha mbinu na mazoea yanayojirudia kwenye hadithi, baadaye ikatanuka mpaka ikawa inabeba muvi, vitabu, anime, gemu, miereka, kila kitu. Tofauti yake na Wikipedia ni kwamba huku hawakudai chanzo cha kila sentensi, na hawana habari ya kazi kuwa maarufu au kutokuwa maarufu, hata hadithi ya mtu aliyoiandika mwenyewe akaiweka mtandaoni inaweza kupata ukurasa. Huo uhuru ndo umeijenga, sibishi. Ila uhuru huohuo ukiuleta kwenye kuandika habari za watu walio hai, na mashabiki ni watu walio hai, unapata fujo.

Wenyewe waliliona hilo mapema. Wakatenga vitu vya maoni kwenye kurasa za pembeni zinazoitwa YMMV (Your Mileage May Vary, yaani kila mtu na maoni yake), ili ukurasa mkuu wa kazi ubaki na yaliyomo kwenye kazi yenyewe, halafu mambo ya nani anapendwa na nani anachukiwa yakae kando. Wakaweka na sheria ndogondogo ambazo mi nazikubali sana. Moja inasema mfano usio na maelezo haukubaliki, yaani huwezi kuandika jina la kazi tu halafu ukaacha msomaji ajijazie. Nyingine inasema kama mstari una makosa urekebishe, usiujibu. Hii ya pili inaonekana ndogo lakini kwenye kurasa za mashabiki ndo kila kitu, kwa sababu utakuta mtu kaandika kwamba mashabiki wa gemu fulani ni watukanaji, chini yake mwingine kaongeza "ila si wote", chini yake tena "kusema kweli wengi wao wako poa, wanaoharibu ni kikundi kidogo", halafu wa nne anarudi na "hicho kikundi kidogo ndo chenye sauti". Hapo hamna tena ukurasa wa kumbukumbu, ni watu wanne wanagombana kwenye vitone, na msomaji mgeni hajaambiwa kitu hata kimoja kilichotokea.

Angalia ilivyokuwa kwa ukurasa wa The Scrappy. Jina limetoka kwa Scrappy-Doo, yule mbwa mdogo aliyeingizwa kwenye katuni za Scooby-Doo mwaka 1979. Aliletwa wakati watazamaji wanapungua, na kwa upande wa biashara alisaidia, kipindi kikaendelea. Chuki dhidi yake ilikuja kukua baadaye. Sasa maana ya ukurasa ni mhusika anayechukiwa na sehemu kubwa ya mashabiki, si na wewe peke yako, lakini watu walianza kuingiza mhusika yeyote anayewaudhi wao binafsi, na ikabidi wahariri waanze kupitia mmoja mmoja na kuwahamisha, huyu mashabiki wamegawanyika juu yake kwa hiyo aende ukurasa wa Base-Breaking Character, huyu hamna anayemchukia zaidi ya aliyeandika kwa hiyo atoke kabisa. Na kwa kurasa za sifa za mashabiki wenyewe mambo yanakuwa makali zaidi maana pale anayechukiwa hajachorwa, ana akaunti, anasoma, na anaweza kuja kujitetea usiku huohuo. Ukurasa wa Fan Dumb, uliokuwa unakusanya ujinga wa mashabiki, ulifika mahali ukaachwa na maelezo tu, mifano hairuhusiwi. Wenyewe wana alama kabisa kwa kurasa za namna hiyo, kwamba hizi zinawasha moto tu.

Wanavyofanya usafi ni kazi kwelikweli, na naomba watu wanaowadharau waelewe hili. Ukurasa ukilalamikiwa unapelekwa kwenye karakana yao, Trope Repair Shop, na anayelalamika anatakiwa aende na ushahidi: anachukua sampuli ya sehemu ambazo ule ukurasa umelinkiwa, kawaida si chini ya 50, anasoma moja baada ya nyingine na kuzipanga, hizi zimetumika sawasawa, hizi zimetumika vibaya, hizi hazieleweki. Hapo ndo mnaanza kubishana mkiwa na kitu mezani, halafu kura. Mtu anakaa anasoma malalamiko hamsini ya watu juu ya mashabiki wa vitu ambavyo hajawahi hata kuviangalia, na hamna anayemlipa.

Sasa kiini cha ubishi kipo kwenye tafsiri yenyewe ya ukurasa, na hapa ndo naona wengi wanapita haraka. Ukisema "sifa ya mashabiki" unaweza kuwa unamaanisha vitu viwili ambavyo havifanani kabisa. Unaweza kumaanisha walichofanya mashabiki. Au unaweza kumaanisha wanachofikiriwa na watu walio nje. Cha kwanza ni tukio, kinahitaji tarehe na watu. Cha pili ni maoni ya watu wengine, kwa hiyo ukitaka kukithibitisha huendi kuwatafuta mashabiki, unaenda kuwatafuta hao wa nje, wamesema wapi, kwa ukubwa gani, na je kuna mtu aliyeacha kuangalia au kucheza kwa sababu hiyo. Ukivichanganya kwenye ukurasa mmoja unapata ule mstari wa mwanzo, kwa sababu neno "wanajulikana" linafunika vyote viwili na halidai ushahidi wa chochote. Sisi huku tunalielewa hili bila kufundishwa: shabiki wa Simba anamwita wa Yanga Utopolo, wa Yanga anamwita wa Simba Makolo, na mtu wa wiki akija akaandika "mashabiki wa Yanga wanajulikana kama Utopolo" atakuwa amechukua maneno ya kijiwe cha upande mmoja akayapiga mhuri.

Tuchukue Star Wars, maana hapo kila kitu kipo. The Last Jedi ilitoka Desemba 2017, na Kelly Marie Tran akaigiza kama Rose Tico. Akaandamwa na matusi ya rangi yake na ya jinsia yake, na Juni 2018 posti zake za Instagram zikaondolewa. Agosti mwaka huohuo akaandika mwenyewe kwenye The New York Times namna yale maneno yalivyomfanya aanze kuyaamini. Hilo ni tendo, lina wakati, lina mtu aliyeumia, lina ushuhuda wake mwenyewe. Linastahili kuandikwa na lisifutwe na yeyote kwa kisingizio cha kutowachafua mashabiki.

Lakini ona kinachofuata wiki zikianza kulielezea. Kwanza linageuka kuwa "mashabiki wa Star Wars walimfukuza mtandaoni", wote, kama vile ni kikao kilikaa. Mwaka 2018 hiyohiyo mtafiti Morten Bay alichambua tweets zilizoelekezwa kwa mwongozaji wa ile muvi, Rian Johnson, akakuta zilizokuwa hasi ni kama moja ya tano tu ya zote, na ndani ya hao waliokuwa hasi, nusu na kidogo walikuwa ama na ajenda za kisiasa, ama watu wa kuchokoza tu, ama akaunti ambazo hata si za binadamu. Ni utafiti mmoja, wa akaunti ya mtu mmoja, na haufuti uchungu wa Tran hata chembe. Ila unaonyesha kwamba swali la "nani" lina jibu, na jibu lenyewe si lile ambalo kila mtu alikuwa analijua. Halafu Aprili 2019 kwenye Star Wars Celebration kule Chicago huyohuyo Tran alipanda jukwaani na ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Hao nao ni mashabiki wa Star Wars, tena wale waliolipa tiketi na kusafiri. Ukurasa unaobeba lile la Juni ukaacha hili la Aprili haujakamilika, sijali umeandikwa kwa Kingereza kizuri kiasi gani.

Kuna na suala la kusingizia sababu. Muvi iliyofuata, The Rise of Skywalker ya 2019, Rose anaonekana kwa dakika moja na kidogo tu. Watu wengi wakasema moja kwa moja kwamba studio imewasujudia wenye chuki. Mwandishi mwenza wa ile muvi, Chris Terrio, akatoa sababu nyingine, kwamba kuna sini za Rose zilizopangwa awe na Leia na zikashindikana kwa sababu Carrie Fisher, aliyemwigiza Leia, alishafariki 2016 na picha zake walizokuwa nazo hazikukaa vizuri. Unaweza kumwamini, unaweza usimwamini. Kazi ya mhariri pale ni kuandika kwamba alionekana muda mfupi, kwamba watu walitafsiri hivi, kwamba mwandishi alisema vile. Siyo kuchagua upande halafu kuuweka kama sehemu ya "sifa ya mashabiki".

Na Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar Binks kwenye muvi ya Star Wars ya mwaka 1999. Julai 2018 aliandika Twitter kwamba miaka karibu 20 nyuma alifikia hatua ya kutaka kujiua, akaweka picha akiwa na mwanae pale daraja alipokuwa amesimama. Maneno aliyotumia yeye mwenyewe yalihusu kushambuliwa na vyombo vya habari. Wiki nyingi na video nyingi zinaisimulia hii kama stori ya mashabiki peke yao, na sikatai kwamba mashabiki walikuwemo na walikuwa wakali sana, lakini magazeti na wachambuzi wa enzi zile wanatoka wasafi kabisa kwa sababu tu kuna ukurasa wa sifa za mashabiki na hakuna ukurasa wa sifa za wachambuzi. Hii inaniuma kwa kweli. Mtu kasema nani alimuumiza, na bado tunaandika jina la mwingine kwa kuwa ndo ukurasa uliopo. Mwaka 2023 alirudi kwenye The Mandalorian kama Jedi Kelleran Beq na watu wakafurahi mno, hilo nalo liwekwe.

Sasa katuni ya Rick and Morty. Huu ndo mfano ambao kila anayetaka kuthibitisha kwamba mashabiki fulani ni wabovu anauleta. Aprili 2017 kipindi kilitaja mchuzi wa Szechuan ambao McDonald's waliutoa mwaka 1998 kwa ajili ya muvi ya Mulan. Mashabiki wakaanza kuuomba, ikawa utani, ikawa kampeni, na tarehe 7 Oktoba 2017 McDonald's wakaurudisha kwa siku moja Marekani. Watu wakapanga foleni masaa, kufika dirishani migahawa mingi ilikuwa na pakiti chache mno na mingine haikuwa nazo kabisa. Wengine wakawafokea wafanyakazi, kuna sehemu polisi waliitwa, na kuna video ya jamaa mmoja anapiga kelele na kurukia juu ya kaunta ikazunguka dunia nzima. Toka siku ile mashabiki wote wa ile katuni wakawa ni yule jamaa.

Waliofokewa ni vijana wa kima cha chini cha mshahara ambao hawakupanga chochote, na aliyewafokea hana utetezi kwangu. Ila ukisoma mistari ya wiki juu ya siku ile unaona kampuni imepotea kwenye hadithi, ile iliyotangaza kitu nchi nzima halafu ikapeleka kidogo vile, wakati wao wenyewe walikuja kukiri kwamba walikosea hesabu na Februari 2018 wakaurudisha tena kwa pakiti milioni 20. Na kuna jambo lingine zito zaidi ambalo mara nyingi linapata nusu sentensi: mwaka huohuo 2017 waandishi wanawake wa kipindi waliandamwa mtandaoni, anwani na namba zao zikasambazwa, na Dan Harmon, mmoja wa waanzilishi wa kipindi, akatoka hadharani kuwalaani waliofanya hivyo. Mi naona hili ndo lingetangulia. Mchuzi unachekesha kwa hiyo unapewa aya tatu, wanawake kutishwa kazini hakuchekeshi kwa hiyo kunatupiwa mwishoni. Ukurasa unaopimwa kwa tendo na matokeo usingepangwa hivyo.

Muda nao ni shida. Sifa ya mashabiki haikai palepale na wiki haina namna nzuri ya kuonyesha hilo, inaandika kila kitu kwa "ni", kana kwamba ni kimo cha mlima. Wa Star Trek ndo mfano wangu mkubwa. Kati ya 1967 na 1968 waliandika barua kwa wingi kwa kituo cha NBC, Bjo Trimble na mumewe wakiwa mstari wa mbele, na kipindi kikapata msimu wa tatu. Mwaka 1976 chombo cha kwanza cha majaribio cha shuttle cha NASA kikabatizwa Enterprise, jina la chombo cha kwenye kipindi chao, baada ya barua zao kufika mpaka Ikulu ya Marekani. Miaka kumi baadaye, Desemba 1986, William Shatner mwenyewe, kapteni wao, yupo kwenye kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live kwenye igizo linalowacheka na kuwaambia watafute maisha. Hivi hapo unaandika nini? "Mashabiki wa Star Trek wanajulikana kwa..." kwa kipi sasa, kwa kuokoa kipindi, kwa kubatiza chombo cha anga au kwa kuchekwa? Ukiweka miaka kila kitu kinakaa sawa chenyewe na hamna anayegombana. Ukiondoa miaka mnagombana mpaka asubuhi.

Au ARMY, mashabiki wa BTS. Wengi waliwahi kuwaandika kama watoto wa kike wanaopiga kelele na kumvamia yeyote anayeikosoa bendi. Juni 2020 BTS na kampuni yao walitoa dola milioni 1 kwa Black Lives Matter, na mashabiki wakachangishana wakafikisha kiasi hichohicho ndani ya kama siku moja. Nimeona watu wakitaka hilo liwekwe ili "kusawazisha" ukurasa, kwamba baya moja kwa zuri moja. Hapana, mi sitaki kusawazisha. Kama kuna mtu alitukanwa na kutishwa, hela ya hisani haimlipi yeye. Yawekwe yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea, kila moja na tarehe yake na waliohusika, basi.

Ndo maana wale wa "futa zote" siwaungi mkono. Hoja yao naielewa: wanasema mashabiki ni binadamu halisi, wiki ya hadithi haina biashara ya kuhukumu binadamu halisi, tufunge duka. Lakini ukifuta zote unamfuta na Tran. Unafuta wale waandishi wanawake. Msomaji wa miaka 10 ijayo atakuta muigizaji katoweka mtandaoni ghafla na hajui kwa nini, kama vile aliamka tu akaamua. Waliofanya watakuwa wameshinda mara mbili.

Wikipedia wao walipitia somo lao upande wa mtu mmojammoja. Mwaka 2005 mwandishi wa habari mkongwe John Seigenthaler alikuta wasifu wake umemhusisha na mauaji ya akina Kennedy, uongo mtupu, na ulikuwa umekaa pale zaidi ya miezi minne. Baada ya kashfa ile wakatengeneza sera kali ya wasifu wa watu walio hai, kwamba jambo baya lisilo na chanzo litolewe palepale bila kusubiri mjadala. Ile sera inamlinda mtu mwenye jina. Kundi kubwa kama mashabiki wa katuni fulani halilindwi vilevile, na naelewa kwa nini, huwezi kumkashifu mtu ambaye hata hajulikani ni nani. Lakini ile tabia ya kutoa kwanza halafu kubishana baadaye mi ningeichukua kama ilivyo.

Fanlore, wiki ya historia ya mashabiki ambayo ipo toka 2008 chini ya shirika la Organization for Transformative Works na imejengwa na mashabiki wenyewe, imechukua njia nyingine. Wao hawadai ukurasa uwe na sauti moja isiyo na upande, wanaruhusu pande zote ziandikwe kila moja ikijulikana ni ya nani. Kwa historia ya ugomvi wa ndani ya mashabiki hiyo njia inafaa sana, maana mara nyingi pande mbili zilizogombana hazikubaliani hata ugomvi ulianzia wapi. Ninachokipenda pale ni kwamba msemaji haondolewi kwenye sentensi. Hata kama simwamini namuona.

Nitaonyesha kwa vitendo ninachokitaka, huu mfano nautunga mwenyewe. Mstari wa zamani: "Mashabiki wa Rick and Morty ni wakorofi, wanajiona wana akili kuliko wengine, na wanajulikana kwa fujo." Mstari mpya: "Oktoba 2017 baadhi ya waliofuata mchuzi wa Szechuan kwenye McDonald's za Marekani waliwafokea wafanyakazi baada ya kukuta hautoshi, video za siku hiyo zilisambaa sana na kwa miaka kadhaa zikawa ndo kitu cha kwanza kutajwa kipindi kikiongelewa." Huu wa pili ni mrefu, ndiyo. Hauna ladha ya kugonga, ndiyo. Ila shabiki wa kipindi akiusoma hana cha kubishia, na aliyefokewa kaunta akiusoma haoni kwamba kafutwa. Na angalia, ile ya "wanajiona wana akili" imetoka kabisa, kwa sababu hilo ni la moyoni mwa watu na hamna mhariri aliyewahi kuingia humo.

Kuna ambao watasema kwa kipimo hicho robo tatu ya mistari itakufa. Sawa, ife. Mingi kati ya ile niliyowahi kuisoma ilikuwa ni mtu kajibiwa vibaya na mtu mmoja kwenye komenti akaja kumalizia hasira kwenye wiki. Kinachonisumbua mimi zaidi ni ile robo itakayobaki, maana ushahidi wake unakufa kila siku. Tweets zinafutwa, akaunti zinafungwa, mabaraza ya zamani yanazimwa pamoja na kila kitu kilichokuwemo, na mstari uliokuwa wa kweli kabisa unabaki na linki isiyofunguka na unaanza kufanana na ule wa kutunga. Kwa hiyo kama ningekuwa napanga ratiba ya usafi nisingeanza na kufuta. Ningeanza na ile yenye linki ambazo bado ziko hai, nazihifadhi Wayback Machine, ile hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni, kabla hazijapotea, naandika tarehe, naandika waliohusika kwa kazi zao na si majina ya watu binafsi, halafu ndo narudi kwenye ile isiyo na kitu.

Na hili liwafikie wanaoandika Wikipedia ya Kiswahili pia, ipo toka 2003 na wanaoibeba ni wachache mno kulinganisha na wasomaji. Siku mtu akiingia kwenye ukurasa wa Diamond Platnumz au wa Alikiba akataka kuweka aya ya Team huyu na Team yule, kwamba hawa ndo wanaoanzaga matusi, mwulizeni palepale, lini, wapi, nani aliripoti. Akiwa na jibu iandikwe vizuri na chanzo chake. Asipokuwa nalo isikae hata usiku mmoja, maana sisi kurasa zetu hazina wahariri kibao wa kuja kuukuta huo mstari kesho yake.